Majina Niliyoyaongeza Mwenyewe

Moshi wa miti ya pamba una uchungu wake, unabaki kooni hata ukishaupita. Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya basi kutoka Mwanza kwenda Bariadi, tukapita mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamemaliza kuvuna na sasa wanang'oa miti na kuichoma. Nikafunga kioo haraka. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nina pumu. Nikamwambia ndiyo, ninayo tangu utotoni, akanionea huruma na kunipa pipi ya tangawizi. Uongo ule ulinitoka bila shida yoyote, maana kazi inayonilisha ni ya namna hiyo hiyo.

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Sifa ninayopewa zaidi ni kwamba nawajua wazee. Nikipewa nafasi ya bibi kizee watu husahau umri wangu, na baada ya onyesho vijana hunifuata kuniuliza nilisomea wapi. Nataja chuo, nataja warsha, nataja waongozaji walionipigia kelele. Jiko la bibi yangu sijawahi kulitaja hata siku moja, wala sijawahi kusema nilichomfanyia huyo bibi ili nipigiwe makofi. Nakisema hapa, kwenu mliokua miaka niliyokua mimi, mliokalia madawati ya watu watano na kukariri ngonjera za kumkaribisha mgeni rasmi. Nadhani ninyi mtanielewa, ingawa mkinielewa si lazima mnihurumie.

Kijiji chetu kiko upande wa Ipililo, huko Maswa. Mwalimu Shija alitufikia nikiwa darasa la tano. Alikuwa kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata, na alikuwa amesomea maigizo kidogo kabla hajaingia ualimu. Kabla yake, kuigiza kwetu kulikuwa kupiga kelele. Unasimama mstarini, unanyoosha mkono kumwelekea mgeni, unafoka beti zako, unakaa. Yeye alitupeleka lamboni wakati ng'ombe wanakunywa, akavuka ng'ambo, akakaa chini ya uzio wa minyaa na fimbo yake. Tulitakiwa kusema maneno yetu kwa sauti ya kawaida na yamfikie pale. Asiposikia alinyanyua fimbo, ukarudia. Mimi nilirudia siku nne. Siku ya tano sauti ilitoka chini tumboni, wala sijui ilikuwa imejificha wapi muda wote ule, na fimbo haikunyanyuka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyooka shingo, nikamsalimia kila niliyekutana naye kwa sauti ile mpya.

Ofisi ya kata ilikuwa imeomba shule itoe igizo la kuelimisha kwenye sherehe ya mavuno. Miaka ile vikongwe walikuwa wanauawa kwetu, mnakumbuka, kosa lao kubwa likiwa macho mekundu. Mwalimu Shija akatunga habari ya bibi anayesingiziwa uchawi. Mtoto wa jirani anaugua, bibi anatengwa, anaponea chupuchupu kuuawa, na mwisho ukweli unajulikana: mtoto ana malaria, na macho ya bibi ni ya moshi wa jikoni. Nafasi ya bibi waliikataa wasichana watatu kabla yangu. Wazazi wao walikuja shuleni kusema hawataki binti yao aitwe mlogi, hata kwa mchezo. Wazazi wangu hawakuja kwa sababu sikuwaambia. Nyumbani nilisema nimepewa kuwa bibi, basi. Nusu nyingine niliimeza.

"Usimwigize mzee," Mwalimu Shija aliniambia nilipoanza kuinama na kutetemesha mkono kama walivyofanya watoto wote. "Huko ni kumcheka. Nenda kamwibe mzee mmoja, umlete hapa mzima mzima."

Nilijua nitamwiba nani. Bibi Minza, mama yake baba, alikuwa na nyumba yake ndani ya kaya yetu, hatua chache kutoka ya kwetu, na jiko la udongo lisilo na dirisha. Alipikia miti ya pamba, na ikiisha alipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nilianza kwenda kukaa naye kila jioni. Nilimkodolea macho akichambua nsansa, yale majani makavu ya kunde, akigeuza ugali, akijiinua kwa kushika goti kwanza, kisha kiuno, kisha ukuta. Siku ya tatu akachoka kutazamwa.

"We Kabula, unanitafuta nini? Unaniangalia kama unataka kuninunua."

Nikamweleza kwamba shuleni nimepewa kuwa bibi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanifanyia jambo ambalo sikulitegemea: akatoka uani, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye zizi na kurudi, taratibu, ili nione.

"Sasa fanya wewe," akasema. Nikafanya. "Hapana. Unatembea kama aliyeibiwa. Mimi mgongo unauma, siogopi mtu. Tazama mbele. Na hicho kikohozi kitoe huku chini, usikikwangue kooni."

Wiki mbili nzima tulifanya hivyo. Ndiye mwalimu bora niliyewahi kuwa naye, na nawaambia hivyo nikiwa nimepita mikononi mwa wengi. Siku moja alinikuta nimeinamia jiko, nimefumbua macho katikati ya moshi, machozi yanatiririka. Akanivuta kwa sikio.

"Unafanya nini?"

"Nataka macho yawe mekundu kama yako."

Hakucheka. Alinipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Haya ni macho ya jiko, ng'wanawane. Usiyatamani," akasema, na kunituma maji.

Kuna jambo moja hakunifundisha. Kila asubuhi, kabla hajafagia, Bibi alichota maji ya kibuyu, akayajaza kinywani, akasimama mlangoni kuelekea jua linapotoka na kuyapuliza chini. Kisha aliwataja wafu wake kwa Kisukuma, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, akiwaomba siku iwe nzuri. Baba yake, mama yake, dada zake wawili, watoto wanne aliowazika. Ilikuwa heshima, na wengi wa umri wake walifanya vivyo hivyo. Mimi nililala kwake mara kwa mara, nikayasikia majina yale mpaka nikayajua kwa mpangilio wake na kwa pumzi zake. Hilo sikumwomba. Nililichukua nikiwa nimelala na jicho moja wazi.

Siku ya sherehe ilifika baada ya pamba kuuzwa, watu wana nguo mpya na muda wa kupoteza. Ambaye si wa kwetu inabidi aelezwe kitu hapa. Kwetu ngoma hazishindani kwa kupokezana. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake, vinapiga kwa pamoja, na mshindi ni yule atakayemnyang'anya mwenzake watazamaji. Hakuna alama za karatasi. Watu wanahama kwa miguu yao, na inapopulizwa filimbi inatazamwa kundi liko wapi. Igizo la shule halikuwa ngoma, lakini waandaaji hawakujua utaratibu mwingine. Wakatuweka upande wa kusini, na upande wa kaskazini wakaweka ngoma ya kijiji cha jirani, wale wanaocheza na chatu hai shingoni.

Mnajua inavyokuwa mbele ya chatu. Tulianza na watazamaji labda ishirini, wengi wao mama zetu. Wenzangu walisema maneno yao na upepo ukayachukua. Mwalimu Shija alisimama nyuma ya shuka tuliyoifanya pazia, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola. Nilipotoka kuingia uwanjani alinishika bega akasema, "Kabula, vuta watu."

Nikatembea ule mwendo. Kutoka huku hadi kule, bila neno, nikitazama mbele. Nikakohoa kutoka chini. Vicheko vya kwanza vilitoka kwa watu wa mtaa wetu, vicheko vya kutambua kitu. "Huyo si Minza!" mtu akasema. Wengine wakageuka kutazama kinachochekesha. Nikaliona jambo ambalo mwigizaji akiliona mara moja hapati tena raha nyingine inayolingana nalo: migongo iliyokuwa imetugeukia ikawa nyuso. Walikuja wachache, kisha wakaja kwa mkumbo, watoto mbele, vumbi nyuma yao.

Nikaona maneno ya Mwalimu Shija yataniishia kabla watu hawajamaliza kuja. Kulikuwa na kata ya maji pale kwa ajili ya kumwosha mgonjwa kwenye onyesho linalofuata. Nikajaza kinywa, nikageukia jua, nikapuliza. Nikaanza kutaja. Uwanja ukanyamaza. Hata ngoma za kule ng'ambo nilizisikia zinapungua. Nilidhani kimya kile ni sifa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Mwalimu alikuwa amenifundisha kwamba mtazamaji akinyamaza umempata.

Majina yakaisha. Nikamtupia Mwalimu jicho. Alikuwa amesahau pazia, amesimama wazi kabisa, anazungusha mkono: endelea, endelea. Watu walikuwa bado wanavuka kutoka kaskazini. Nikaendelea. Nikapuliza maji tena, na kwa kuwa sikuwa na wafu wengine, nikatazama mbele yangu na kutaja niliowaona. Nikamtaja fundi baiskeli. Nikamtaja mjukuu wa mwenyekiti. Nikamtaja Pendo, mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa amebebwa mabegani na mama yake ili aone vizuri. Niliwataja kwa sauti ile ile ndogo iliyofika mpaka mwisho wa uwanja, kwenye orodha ile ile ya waliokufa.

Filimbi ikapulizwa. Kundi lote lilikuwa kusini. Tulishangilia, tukapewa mbuzi, nikabebwa juu juu na wenzangu, na Mwalimu Shija alinikumbatia akiwa karibu kulia. Hakuna aliyekumbuka kwamba igizo lilikuwa halijaisha. Ile sehemu ya zahanati, ile ya malaria, ile ya majirani kujua walikosea, ilibaki nyuma ya pazia pamoja na vijana walioifanyia mazoezi mwezi mzima. Watu walikuja kuona mchawi, wakamwona, wakaenda zao. Bibi mwenyewe hakuwepo. Mgongo ulikuwa unamsumbua siku hiyo, akabaki nyumbani kuangalia ndama.

Kama wiki mbili zilipita. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, nikakutana na mama yake Pendo njiani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, Kabula." Akanishika mkono kwa upole. "Mwanangu, uliigiza vizuri sana siku ile. Mpaka nywele zilinisimama. Nani alikufundisha?"

Niliona nafasi ya kumpa Bibi haki yake. Uwanjani walinipongeza mimi na Mwalimu tu, na yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa. Nikajibu kwa fahari kabisa.

"Bibi."

"Bibi Minza?"

"Ndiyo. Kila siku jioni alikuwa ananifundisha."

"Na yale maneno ya kutaja majina?"

"Hayo anayasema kila asubuhi."

"Yote?"

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Ningesema hapana, mayu, la Pendo niliongeza mwenyewe, nilimwona mabegani kwako. Lakini niliona kusema hivyo kunampunguzia Bibi sifa, tena kunanifanya nionekane nilibuni kwa sababu nilisahau maneno. "Yote," nikasema. Aliuachia mkono wangu akaondoka haraka. Sikujua kwamba Pendo alikuwa amelala ndani siku ya tatu, ana degedege.

Pendo alipona. Walimkimbiza hospitali Maswa, wakamchoma sindano, akarudi anatembea. Leo ni mwanamke mnene mwenye duka la vipodozi pale Nyalikungu, na nikipita hunipunguzia bei ya mafuta. Nalisema hili ili mjue kwamba kupona kwake hakukusaidia kitu. Walisema amepona kwa sababu Minza aliogopa baada ya kujulikana.

Kwanza waliacha kuja kuomba moto kwake. Kisha kikundi cha akina mama wa kulima kikaruka shamba lake, wakalima la huku na la kule, wanaimba. Alipofika kisimani, waliokuwa wakicheka walinyamaza, na safari hii hata mimi nilielewa kimya kile. Bibi aliuliza nyumbani kuna nini. Mama alisema hakuna kitu. Baba alisema hakuna kitu. Mimi nilikuwa nakula michembe ya viazi na niliendelea kutafuna.

Asubuhi moja alipotoka na maji yake kinywani, alikuta panga limechomekwa ardhini mbele ya mlango, mahali pale pale anapopulizia. Kila mtu kwetu anajua maana yake: hama, au utauawa nalo. Hakupiga yowe. Aliyameza yale maji, akaingia ndani na kufunga mlango, na ndivyo tulivyomkuta, amekaa gizani.

Siku hiyo ndipo niliposema. Nilimwambia baba kila kitu: nusu niliyoimeza, wafu, majina niliyoongeza. Baba hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alikwenda kwa mama Pendo, akakaa kwenye kigoda akaeleza. Akajibiwa kwa adabu, "Shemeji, ni mama yako, lazima umtetee. Lakini mtoto anasema anachokisikia. Jina la Pendo kalitoa wapi?" Akaenda kwa Mwalimu Shija kumwomba aite watu, waonyeshwe igizo lote mpaka mwisho. Mwalimu alikubali, akapanga Jumamosi, kisha akaahirisha, kisha akasema watu hawa hawajui kutofautisha sanaa na maisha. Muhula uliofuata alikuwa amehama. Nasikia huko alikohamia alipata sifa kwa kufundisha maigizo.

Baba mdogo Sayi alikuwa anaendesha bodaboda Bariadi. Alikuja mchana, akamfunga Bibi kwa khanga mgongoni kwake asije akaanguka, kibuyu kikabaki kwa kukosa mahali pa kukiweka. Majirani walisimama kwenye minyaa yao kutazama. Hawakusema kitu kibaya. Mmoja hata alimpungia mkono.

Bariadi wakati huo ilikuwa bado haijawa makao ya mkoa, lakini kwa Bibi ilikuwa mji wa kutosha kumpotezea kila kitu. Baba mdogo alimpangia chumba kwenye nyumba ya wapangaji sita, uani kuna bomba la pamoja na kamba za nguo. Hakukuwa na zizi, wala shamba, wala mtu wa kumwamkia kwa jina la ukoo wake. Mlango wa chumba ulitazama ukuta. Mahali jua linapotokea hakupajua mpaka alipoelekezwa na mwenye nyumba, na hata alipoelekezwa, wapangaji walikuwa wanapita pale na ndoo zao. Akaacha kuwataja wafu wake. Baba mdogo alitueleza hilo kama habari njema, kwamba sasa mama ametulia.

Nilipelekwa kumwona shule zilipofungwa. Nilivaa sare kwa sababu ndiyo nguo yangu iliyokuwa nzima. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anachambua mchicha wa kununua, akiutazama kama kitu alichookota. Alikuwa amepungua. Macho, kwa kuwa sasa walipikia mkaa nje, yalikuwa yameanza kuwa meupe. Tukasalimiana, akaniuliza habari za ndama, akamtaja kila mmoja.

Kisha akasema, "Hilo igizo lenu. Kila mtu aliliona, mimi tu sikuliona. Hebu nionyeshe."

Nikasema nimesahau.

"Hujasahau. Nionyeshe."

Nikatembea pale uani, kati ya kamba za nguo, kutoka bombani hadi mlangoni na kurudi. Aliutazama mwendo wake akitikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu aliyeridhika na kazi ya fundi. Nikakohoa. Nilipofika kwenye maji nikasimama, sikuweza kupuliza, nikataja tu majina. Nikayataja yote, ya kwake na yale niliyoongeza, mpaka Pendo. Alikuwa ameacha mchicha.

"Halafu?" akasema. "Linaishaje?"

Nikamweleza kwamba majirani wanagundua wamemwonea, wanakuja kumwomba msamaha.

"Basi waje."

Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nikawa majirani wote. Nikapiga magoti mbele yake kwenye saruji yenye maji, nikasema kama Mwalimu alivyoandika, "Mayu, tumekukosea. Macho yetu ndiyo yaliyokuwa na moshi. Tusamehe." Nililia, na sikuwa nimefundishwa kulia pale.

Bibi alingoja. "Na mimi hapo nasema nini?"

"Unasema, nimewasamehe wanangu. Halafu tunaimba."

Wapangaji wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanatuangalia, na nakumbuka kwamba hata wakati ule, katikati ya kilio changu, niliwahesabu. Nilibaki pale chini nikiyangoja yale maneno mawili, nimemwinulia uso kama nilivyofundishwa, ili mwenzako akisema watu waone yamekugusa.

"Inuka, Kabula," akasema. "Unachafua sare." Akarudi kwenye mchicha wake.